Kelele Inatoka Wapi?

Programu ya kuchezea muziki hulaumiwa kabla ya kitu kingine chochote. Wimbo ukikwaruza, mtu hagusi waya wala spika. Anaifuta Winamp, anaweka nyingine, anaifuta na hiyo, mwisho anasema kompyuta ina virusi. Nilikuwa fundi wa kompyuta Ngamiani, mjini Tanga, miaka ile ya Windows XP, wakati kaseti zilikuwa bado hazijaondoka majumbani. Ukiacha virusi, hakuna lililoleta watu kibandani kwetu kuliko sauti mbovu. Na katika hao wote, waliokuwa na programu mbovu kweli walikuwa wachache mno. Kazi ile ilinifundisha kusikiliza, nami naona inafaa iandikwe, kwa sababu vifaa vimebadilika lakini kelele ni zilezile.

Tanga ni mji wa masikio. Black Star na Lucky Star zilipiga taarabu yao hapa, Jamhuri Jazz na Atomic Jazz dansi lao, na mzee wa Ngamiani anayekuletea wimbo wa Shakila, mwimbaji wa taarabu, anajua gitaa linaingia wapi na linatoka wapi. Huwezi kumwambia kwamba ndivyo ulivyorekodiwa. Akisema sauti imeharibika, ujue imeharibika. Kilichobaki ni kujua imeharibikia wapi.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha kompyuta nilimwomba mteja aiigize kelele yenyewe kwa mdomo. "Hebu nifanyie inavyolia, mzee wangu." Na mtu mzima mwenye kofia yake ya viua na heshima zake alisimama mbele ya kaunta akafanya "krrr, krrr", au "mmmm" ndefu, au "ta... ta... ta". Hatukucheka. Nusu ya uchunguzi ilikuwa imekwisha pale pale. Mvumo usiokatika ni habari ya umeme na nyaya. Kukatikakatika ni habari ya mashine iliyoelemewa. Kukwaruza pale tu mwimbaji anapopandisha sauti ni habari ya kitu kilichozidishwa kuliko uwezo wake. Na sauti ya kimajimaji, yenye matoazi yanayochuruzika badala ya kulia, ni habari ya faili lililobanwa mno ili lienee kwenye flashi.

Baada ya hapo niliuliza maswali mawili, na hadi leo sijapata mengine ya kuyashinda. La kwanza: ukiupiga wimbo huohuo tena, kelele inarudi mahali palepale? Ikiwa kila mara inakuja kwenye dakika ya 2 na sekunde ya 14, nawe hujazidisha sauti wala besi, imo ndani ya faili, na hakuna draiva wala programu itakayoitoa. Tafuta nakala nyingine ya wimbo. Ikihamahama, mara mwanzoni, mara katikati, faili halina kosa. La pili: ukiusimamisha wimbo, kelele nayo inanyamaza? Ikiendelea wakati hakuna muziki unaopigwa, basi haina uhusiano wowote na muziki, na kubadilisha programu ni kupoteza siku. Mtu akijibu maswali haya mawili kwa uaminifu, sehemu kubwa ya njia ambayo sauti hupita, tangu faili hadi Windows, draiva, kadi ya sauti, waya na spika, huwa imeshaondolewa kwenye tuhuma.

Nakumbuka mwanafunzi mmoja wa kike aliyekuja na kompyuta mpakato na hedifoni zake. "Kaka, hii programu inafuta waimbaji," akaniambia. Nikavaa hedifoni. Kweli, ngoma zilikuwepo, kinanda kilikuwepo pembeni, mwangwi wa sauti ya mwimbaji ulikuwepo kwa mbali sana, lakini mwimbaji mwenyewe hayupo. Alikuwa ameshaondoa na kuweka upya programu tatu tofauti.

Ukiitazama pini ya hedifoni utaona imegawanywa kwa vipete vyeusi katika sehemu tatu. Ncha inabeba sauti ya upande wa kushoto, sehemu ya katikati inabeba ya kulia, na shina ndilo njia ya kurudia kwa zote mbili. Pini isipozama hadi mwisho, shina halishiki. Umeme ukikosa njia ya kurudia, unapita kutoka sikio moja kwenda jingine, na kinachosikika ni tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Studio nyingi humweka mwimbaji katikati, yaani sawasawa pande zote mbili. Tofauti yake ni sifuri, naye anatoweka. Vinavyobaki ni vile vilivyorekodiwa zaidi upande mmoja, pamoja na mwangwi. Tundu la kompyuta yake lilikuwa limejaa pamba na vumbi la mkoba. Tuliizima, nikalisafisha kwa kijiti cha meno, pini ikaingia kwa mlio wake mdogo wa "tak", na mwimbaji akarudi mahali pake. Alizisikiliza nyimbo kadhaa pale pale kaunta kabla ya kukubali kwamba programu haikuwa na hatia.

Kisa hiki nakipenda kwa sababu hakuna anayeweza kukibahatisha kwa kubofyabofya menyu. Dalili inaonekana ya programu kabisa. Unahitaji kujua sauti inapitaje ndani ya chuma.

Tatizo lililorudi zaidi ya yote, hasa kwa vijana, lilikuwa la kuzidisha. Winamp ilikuwa na ikwalaiza ya vitelezi 10, na pembeni yake kingine kimoja kilichoandikwa Preamp. Kijana akipenda besi alipandisha vitelezi vya kushoto hadi juu, kisha akapandisha Preamp nayo hadi juu, kisha akaja kusema spika zimepasuka. Nilimkalisha nikamwonyesha hesabu, maana hapa hesabu ni rahisi na inaeleza kila kitu.

Sauti ya CD hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo kinaandikwa kwa namba isiyoweza kuzidi 32,767 upande wa juu wala kushuka chini ya hasi 32,768. Hakuna namba nyingine nje ya hizo. Kupandisha sauti kwa desibeli 6 ni karibu sawa na kuzidisha kila namba mara mbili. Sasa besi iliyokuwa kwenye 20,000 inataka kwenda 40,000, na 40,000 haipo. Inabaki 32,767. Na kipimo kinachofuata pia 32,767, na kingine tena. Wimbi lililokuwa la mviringo linakatwa kichwa na kuwa bapa, na ubapa huo ndio unaosikika kama mkwaruzo. Spika ni nzima. Inatoa kwa uaminifu kile ilichopewa.

Dawa yake ni kushusha. Mteja hapendi kusikia hivyo, lakini ni lazima aambiwe: ukipandisha besi, shusha Preamp kwa kiasi hichohicho, programu iache kwenye kiwango cha kawaida, ukitaka kelele ya sherehe ongezea kwenye amplifaya. Leo wengi wanatumia VLC, programu iliyozaliwa kwenye mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, nayo inakuruhusu kupita asilimia 100. Kwa filamu iliyorekodiwa chini sana, ruhusa hiyo ni msaada mkubwa. Kwa muziki wa siku hizi, ambao tangu studio umeshapandishwa hadi ukingoni, kupita 100 ni kuukata vichwa kwa hiari. Nimemaliza malalamiko mengi kwa kurudisha kitelezi hicho 100 na kuondoa ikwalaiza, bila kufungua skrubu hata moja.

Kukatikakatika kulikuwa na sababu nyingi, lakini moja naikumbuka vizuri kwa sababu ilikuwa imejificha sana. Mwenye duka la kuchoma CD aliniletea mashine yake: wimbo unakatika, kishale cha mausi kinarukaruka, na kadiri siku zinavyopita hali inazidi. Alikuwa ameshanunua kadi mpya ya sauti. Kichezeshi cha muziki hakisomi wimbo moja kwa moja kutoka diski hadi spika. Huweka akiba ndogo mbele, nayo kadi ya sauti inachota humo. Ni kama tangi la maji juu ya paa: bomba la mtaani likikatika kidogo, ndani ya nyumba maji yanaendelea kutoka. Mashine ya yule bwana tangi lilikuwa halijai kamwe.

Windows XP ilikuwa na tabia ambayo wenye mashine hawakuambiwa. Diski ikikosea kusoma, mfumo uliandika kosa, na makosa yakifika sita ulishusha mwendo wa diski hatua moja, na makosa yakiendelea, hatua nyingine, hadi kufika njia ya zamani iitwayo PIO ambapo prosesa yenyewe inabeba kila kipande cha data kwa mkono wake. Prosesa ikishikwa na kazi hiyo, sauti inakosa wa kuihudumia. Na hata chanzo cha makosa kikiondoka, mwendo haukurudi wenyewe. Nilifungua Device Manager, nikaona kweli imeandikwa PIO, nikabadilisha ule utepe mpana wa nyaya uliokuwa umekunjwa vibaya, nikaondoa ile chaneli ya diski, iitwayo IDE, kwenye orodha na kuwasha mashine ili Windows iitambue upya. Muziki ukatoka laini. Kadi yake ya zamani ya sauti haikuwa na kasoro yoyote, na iliniuma kuona fedha imekwenda.

Diski za namna hiyo sasa ni nadra, lakini mantiki imebaki. Kompyuta ya leo ikikatakata sauti huku prosesa imejaa, au huku draiva ya Wi-Fi inang'ang'ania zamu, ni jambo lilelile: mtu mwingine ndani ya mashine anachukua muda ambao sauti ilipaswa kupewa. Ndiyo maana ukizima Wi-Fi kwa dakika moja na mkatiko ukaisha, umeshamjua mwenyewe.

Mvumo wa umeme ni jambo jingine, na hapa sitazungumza kwa upole. Umeme wetu unapiga mizunguko 50 kwa sekunde. Kompyuta ikiwa imechomekwa ukuta huu na amplifaya ukuta ule, na zote zina ethi, ule waya wa sauti unaoziunganisha unafunga mzunguko, na mvumo wa chini wa "mmmm" unaingia kwenye muziki. Kumbi za harusi ndiko ulikozoeleka. Kuuthibitisha ni rahisi: chomoa chaja ya kompyuta mpakato, iache iende kwa betri. Mvumo ukikata hapo hapo, umepata jibu. Chomeka vyombo vyote kwenye ekstensheni moja, au weka kati ya kompyuta na mikisa kile kifaa kidogo chenye transfoma za kutenga sauti.

Lakini nimewaona mafundi wa muziki wakikata pini ya ethi kwenye plagi, na wengine wanatumia plagi ya pini mbili na kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili ikubali kuingia. Mvumo unaisha, ni kweli. Na siku waya wa ndani ukigusa bodi ya amplifaya, bodi nzima ya chuma inakuwa na umeme, na anayeshika maiki kwa mkono wenye jasho ndiye atakayekuwa ethi. Mtu akiniletea amplifaya yenye pini iliyokatwa, kwanza narudisha plagi kamili, ndipo tunazungumza habari za mvumo. Hakuna wimbo wenye thamani hiyo.

Mengine nayapita haraka. Mchuruziko wa "shshsh" usio na muziki, kwenye XP, mara nyingi ulikuwa chaneli ya maiki iliyoachwa wazi kwenye Volume Control; weka alama ya kuizima, basi. Sauti yenye mwangwi wa ajabu, mtoto alikuwa amechezea paneli ya Realtek na kuchagua mazingira ya bafu au ya bomba la majitaka, maana machaguo hayo yapo. Na siku hizi napigiwa simu na watu wenye hedifoni za Bluetooth wakisema muziki ghafla umekuwa kama unapigwa ndani ya simu ya mkononi. Hapo mkosaji ni maiki: programu ya mikutano imeifungua, na Bluetooth ikilazimika kupeleka na kupokea kwa wakati mmoja, kwa kawaida inahamia njia ya mazungumzo, yenye chaneli moja na sauti nyembamba. Funga ile programu ya mikutano, muziki unarudi.

Yamebaki yale ambayo kelele imo ndani ya faili lenyewe, na hayo ndiyo yaliyonigusa zaidi, kwa sababu hapo kompyuta haina la kufanya.

Alikuja mama mmoja, mjane, na CD mkononi. Ndani yake mlikuwa na marehemu mumewe akighani utenzi wake mwenyewe nyumbani, mbele ya wageni. Kijana mmoja alikuwa ameuhamisha kutoka kwenye kaseti. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Nataka unitolee hii mikwaruzo. Ukimsikiliza, utadhani alikuwa mkali, na hakuwa mkali." Nikaipiga kwenye kompyuta mbili, kwa programu tofauti. Mikwaruzo ilirudi kwenye silabi zilezile. Nikaifungua kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, na picha ikaonyesha wazi: kila aliponyanyua sauti, wimbi lilikuwa limekatwa bapa juu na chini. Hapo hakuna kitufe cha kurudisha. Namba za kweli hazikuandikwa, na programu haiwezi kujua zilikuwa ngapi.

Nilimuuliza kaseti iko wapi. Akasema anadhani ipo, ndani ya sanduku la nguo. Nikamwomba aitafute kabla hatujazungumza habari ya malipo.

Alipoileta, ilikuwa na ukungu ukingoni, kama zilivyo kaseti nyingi za pwani, na kile kisponji kinachousukuma utepe kwenye hedi kilikuwa kimeanguka. Nilifungua skrubu zake ndogo tano, nikafuta ukungu taratibu, nikahamishia magurudumu yote mawili kwenye ganda la kaseti nyingine nzima. Nikasafisha hedi ya deki kwa spiriti. Kisha nikazungusha ile skrubu ya pembeni mwa hedi, kidogo kidogo, huku nasikiliza herufi za "s" na "sh", hadi zikatoka kali. Hedi iliyoinama kuliko ile iliyorekodi kaseti hula kwanza sauti za juu, na maneno yanakuwa ya kuguna.

Kosa la yule kijana aliyeuhamisha utenzi nililielewa nilipotazama nyuma ya kompyuta yangu. Kwa rangi zilizozoeleka tangu mwongozo wa PC 99, tundu la waridi ni la maiki, la buluu ni la kuingizia sauti kutoka kwenye deki, la kijani ni la kutolea. Tundu la waridi limetengenezwa kwa ishara dhaifu ya maiki, na mara nyingi lina nyongeza ya desibeli 20. Ukichomeka deki humo, sauti inafika imeshazidi kabla ya programu yoyote kuiona. Nilitumia la buluu, nikaweka kiwango ili hata pale anaponyanyua sauti isipite desibeli hasi 6 kwenye kipimo, kisha nikaacha upande mzima wa kaseti upige bila kugusa chochote. Nikauhifadhi kama WAV, kama MB 10 kwa dakika, ili usibanwe hata kidogo. MP3 nilitengeneza baadaye kwa ajili ya simu ya mwanawe.

Ule mchuruziko wa utepe niliuacha. Audacity ina kifaa cha kuuondoa, na nilikijaribu kwenye nakala. Kiliuondoa pamoja na pumzi za mghani na ncha za maneno yake. Mtu anayeghani hupumzika kwa pumzi, na msikilizaji anayejua utenzi huzisubiri. Naona ni afadhali utepe usikike ukipita kuliko mtu abaki bila pumzi.

Mama alisikiliza hadi mwisho wa upande wa kwanza. Kabla ya ubeti wa kwanza marehemu alikohoa kusafisha koo, na kwenye ile CD kikohozi hicho kilikuwa mpasuko mtupu. Sasa kilikuwa kikohozi. "Hivi ndivyo alivyokuwa," akasema, akaniomba nimrudishie mwanzo.

Alitaka kuniachia ile kaseti kwa kuwa, kwa maoni yake, kazi yake imekwisha. Nikakataa. CD hukwaruzika na diski hufa, na deki nzuri kuliko yangu inaweza kupatikana siku yoyote na kutoa zaidi ya nilichotoa mimi. Nilivunja vile vijino viwili vya nyuma ili mtu asirekodi juu yake, nikamwambia aiweke ndani ya kasha lake, mahali pakavu, imesimama, isikae juu ya spika, maana spika ina sumaku. Ile CD ya kwanza aliniambia niitupe.